Fedha za Msimu: Uwekezaji wa Kimaadili na Kahawa ya Wakulima Wadogo

Uwekezaji wa kimaadili ni utaratibu ambao mwenye fedha hukubali faida ndogo, na pengine kukosa faida kabisa, kwa sharti kwamba fedha zake zitumike katika shughuli zisizomdhulumu mtu wala kuharibu mazingira. Biashara ya haki, kwa upande wake, ni mfumo wa kununua mazao ya wakulima wadogo wa nchi zinazoendelea kwa bei isiyoshuka chini ya kiwango kilichowekwa, pamoja na nyongeza inayokwenda kwenye chama chao kwa ajili ya shughuli za pamoja. Mambo haya mawili huzungumzwa kana kwamba ni jambo moja, ilhali bei nzuri humfaa mkulima baada ya kahawa yake kuuzwa, na shida yake kubwa humkuta kabla ya kuuza.

Mkoa wa Kagera, ulio kaskazini-magharibi mwa Tanzania na unaojulikana zaidi kwa kahawa ya robusta, una neno lake la kuitaja shida hiyo: butura. Katika butura mkulima huuza kahawa ikiwa bado maua au ikingali changa mtini, kwa bei ya kutupa, kwa mnunuzi mwenye fedha taslimu, kwa sababu mtoto anatakiwa shuleni au mgonjwa anatakiwa hospitalini na mavuno bado yako mbali. Mwaka 2018 Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo na kuelekeza kahawa ipite kwenye vyama vya ushirika. Uamuzi huo ulikuwa wa haki, lakini marufuku peke yake haileti fedha ghalani, na mkulima anayefikisha maganda yake, yaani kahawa iliyokaushwa kabla ya kukobolewa, kisha akaondoka na stakabadhi tu, ni rahisi msimu unaofuata kumrudia mlanguzi au kuvusha magunia yake kwa magendo kwenda Uganda.

Kinachokosekana hapo ni mtaji wa uendeshaji, yaani fedha za kununulia mavuno katika miezi ile ambayo chama kimekwisha kupokea kahawa lakini mnunuzi wa ng'ambo hajailipia. Kahawa hukusanywa, hukobolewa, hupangwa kwa madaraja na kusafirishwa hadi bandarini, na muda wote huo mkulima anasubiri. Benki za kawaida hudai dhamana ya mali isiyohamishika, ambayo chama cha msingi chenye ghala moja hakina, na riba yake nchini Tanzania kwa miaka mingi imekuwa karibu na asilimia 15 kwa mwaka au zaidi. Kanuni za biashara ya haki zinamtaka mnunuzi, chama kikiomba, kuwezesha malipo ya awali ya hadi asilimia 60 ya thamani ya mkataba, lakini wanunuzi wengi wenyewe ni kampuni ndogo zisizo na akiba ya kiasi hicho.

Pengo hilo ndilo wanaloliziba wakopeshaji wa kimaadili. Oikocredit ilianzishwa Uholanzi mwaka 1975 kutokana na wazo lililozaliwa ndani ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni; Shared Interest ilianza Newcastle, Uingereza, mwaka 1990 kwa kukusanya akiba za watu wa kawaida, na baadaye ikafungua ofisi Nairobi; Root Capital ilifuata Marekani mwaka 1999. Njia inayotumika sana katika mikopo ya mavuno ni kuufanya mkataba wa mauzo wenyewe uwe dhamana: mnunuzi humlipa mkopeshaji moja kwa moja, naye hukata deni na riba yake, kisha hukipelekea chama kilichobaki. Kwa njia hiyo chama hupimwa kwa uaminifu wake wa kufikisha mzigo wenye ubora kwa wakati, kipimo ambacho wakulima wasio na hatimiliki wanaweza kukifikia, na hilo ndilo jambo la thamani kubwa zaidi katika mfumo mzima.

Hatari nayo ni ya kweli. Mfumo wa mgawo wa mauzo ya kila nchi chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulivunjika Julai 1989, bei ikaachwa iende na soko, na mwishoni mwa 2001 arabika ilishuka chini ya senti 50 za dola kwa ratili. Katika nyakati kama hizo kiwango cha chini cha biashara ya haki huwa kinga, nacho kilipandishwa Agosti 2023 hadi dola 1.80 kwa ratili ya arabika iliyooshwa na dola 1.20 kwa robusta iliyokaushwa na ganda lake, mbali na nyongeza ya senti 20. Lakini bei inapopaa, kama ilivyopita dola 4 kwa ratili ya arabika mapema 2025, chama kilichokwisha kujifunga kwa bei ndogo hushindana na walanguzi wanaolipa zaidi papo hapo, wanachama huuza pembeni, mzigo haufiki na mkopo haulipwi.

Wapo waliovuka mkopo wakafika kwenye umiliki. Kuapa Kokoo, ushirika wa wakulima wa kakao wa Ghana ulioundwa mwaka 1993, ulikuwa mmoja wa wamiliki wa kampuni ya chokoleti iliyoanzishwa London mwaka 1998 na baadaye kuitwa Divine, na hisa zake zilifika asilimia 45 baada ya mwanahisa mwenzake, kampuni ya The Body Shop, kuupa hisa zake. Mwaka 2020 kampuni ya Kijerumani Weinrich ilichukua sehemu kubwa, na ya wakulima ikapungua hadi asilimia 20. Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera, KCU, kilichagua njia ya karibu zaidi na nyumbani, kikatumia mapato ya biashara ya haki kununua hisa za TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga kilichoko Bukoba, na uamuzi huo unastahili sifa kwa sababu thamani inayoongezwa hapo hubaki mkoani.

Hata hivyo, mwaka 2014 watafiti wa chuo cha SOAS cha London walieleza kwamba vibarua wa mashamba katika maeneo ya biashara ya haki waliyoyachunguza Ethiopia na Uganda hawakulipwa vizuri kuliko wenzao wa maeneo mengine. Matokeo hayo yalipingwa na waendeshaji wa nembo ya biashara ya haki, lakini yanakumbusha kwamba nembo iliyo kwenye pakiti haionyeshi fedha ziliishia mikononi mwa nani. Kwa hiyo wenye fedha wa Ulaya na Marekani hawana budi kudai waelezwe mikopo ilifika ghalani tarehe gani, mkulima alilipwa kiasi gani kwa kilo, na hasara ilipotokea ilibebwa na nani. Na viongozi wa vyama vya msingi wabandike hesabu hizo hizo ukutani mwa maghala yao, kwa Kiswahili, kabla msimu ujao wa kahawa haujafunguliwa.