Ukinunua Mkokoteni Uliokwisha Tumika

Kila mwaka pamba ikiisha kupimwa na wakulima wakiisha kulipwa, mikokoteni ya ng'ombe katika wilaya yetu ya Maswa huanza kubadili wenyewe. Aliyepata vizuri huuza wa zamani ili atengenezewe mpya. Aliyepata kidogo huuza kwa sababu ya mahitaji ya watoto shuleni. Na yule ambaye mkewe amechoka kubeba maji kichwani hutafuta wa kununua. Mimi nilikuwa huyo wa tatu. Nilinunua, nikakosea, na makosa yangu nayaandika hapa yasije yakamgharimu msomaji mwingine mtamba kama yalivyonigharimu mimi.

Mkokoteni ule ulikuwa na rangi mpya ya buluu. Mbao zake zilikuwa nzima. Niliuzunguka mara mbili, nikazigonga mbao kwa ngumi kama mtu ajuaye, nikalipa. Siku ya tatu, tukirudi kisimani na mapipa mawili ya maji, gurudumu la kushoto lilianza kulia, na juma lile lile beringi ikavunjika. Tulipouinua tukaona ekseli imepinda, tena ilikuwa imechomelewa mahali pawili chini ya ile rangi nzuri. Lakini hasara kubwa haikuwa hiyo. Maksai wangu wa kulia alikuwa amepata donda shingoni, maana mkokoteni ulikuwa ukivuta upande mmoja siku zote. Mimi nilidhani ni uvivu wake, nikamchapa. Naona haya hata leo.

Nilipoupeleka kwa mzee mmoja mfua vyuma, aliinama, akachungulia, akaniuliza, "Mwanangu, ulipokuwa ukinunua, ulilala chini?"

"Hapana, baba. Nilitazama mbao."

"Basi ulinunua sanduku. Mkokoteni wenyewe uko huku chini."

Wazee wetu waliotumia jembe la kukokotwa na ng'ombe tangu miaka ya 1930 wasingalihitaji kuambiwa hivyo. Wengi wao walianza kwa panda ya mti iliyoburuzwa chini, nayo haina gurudumu la kumdanganya mtu. Reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, ikipita Malampaka, kazi ya kufikisha mizigo kwenye reli ilibaki kuwa ya vichwa na migongo. Mkokoteni ndio uliokuja kuipunguza kazi hiyo, na hata leo, ingawa pikipiki za magurudumu matatu zimejaa mjini Nyalikungu, ukitoka nje kidogo ya barabara kuu utaona ni nani anayebeba marobota, kuni, matofali na wagonjwa wakati wa mvua.

AINA ZINAZOUZWA

Mikokoteni mingi ya huku imetengenezwa na mafundi wa kuchomelea kwa vyuma vya magari yaliyokufa, kwa hiyo jambo la kwanza ni kuuliza ekseli ilitoka katika gari gani.

Ekseli ya nyuma ya Land Rover ya zamani husifiwa sana, na si bure. Katika gari lile uzito huchukuliwa na habu iliyokaa juu ya beringi zake mbili, na ile shafti ya ndani ina kazi ya kuzungusha tu. Fundi aweza kuitoa shafti na viungo vya ndani ya difu, na gurudumu likaendelea kusimama imara na kuzunguka jepesi. Magurudumu yake pia ni makubwa, ya ringi ya inchi 16, na gurudumu kubwa hupita juu ya shimo mahali ambapo dogo hutumbukia.

Ekseli ya nyuma ya pikapu nyingi ndogo si hivyo. Humo gurudumu limefungwa kwenye shafti yenyewe, nayo haitoki bila gurudumu kutoka. Kwa hiyo difu nzima huachwa katikati, na maksai hukokota kilo nyingi za chuma kisicho na kazi, asubuhi na jioni, miaka yote. Ukiona lile tumbo la chuma katikati ya mkokoteni, uliza ndani mna nini. Kama meno bado yamo, punguza bei au ondoka.

Aina ya tatu, ambayo mimi sasa naipenda kuliko zote, ni bomba nene au chuma cha pembe nne kilichochomelewa habu za mbele za gari dogo, moja kila upande. Ni nyepesi, na beringi zake hupatikana. Ubaya wake ni kwamba unyofu wote umo mikononi mwa fundi. Akikosea siku ya kuchomelea, magurudumu hutazamana au hupeana mgongo, na tairi huliwa kama sabuni.

Tena yako matela ya pawatila, zile trekta ndogo za mkono zilizoletwa kwa wingi wakati wa Kilimo Kwanza kilichotangazwa mwaka 2009. Mashine ikifa, tela huuzwa peke yake, na mnunuzi huichomelea mti wa mbele ili ikokotwe na ng'ombe. Bodi yake ni ya bati, hupendeza. Lakini tela ya namna hiyo mara nyingi imewekwa ekseli nyuma ya katikati, ili uzito fulani ulale kwenye mashine. Uzito huo sasa utalala kwenye shingo za ng'ombe. Kama hutaki kulipa fundi aisogeze ekseli mbele, usiinunue.

KULALA CHINI

Omba jeki au gogo, inua upande mmoja. Shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, beringi imekwisha au nati imelegea. Fundi atakuonyesha ni ipi. Lizungushe, usikilize. Mlio wa mchanga ni mlio wa fedha zako. Kisha chukua kamba, pima kutoka tairi hadi tairi kwa mbele, na tena kwa nyuma, kwa urefu ule ule kutoka ardhini. Vipimo viwe sawa. Kama tairi limeliwa upande mmoja tu, hata kamba haina haja, ekseli imepinda. Na palipopakwa rangi nene kuliko pengine, kwaruza kwa kisu. Mwenye mali akikataa, umekwisha kujibiwa.

Halafu shika ncha ya mti wa mbele, mkokoteni ukiwa mtupu na umelala sawa. Yafaa uwe na uzito kidogo mkononi, kama debe la maji. Ukiwa mzito kuliko hapo, utawakandamiza maksai. Ukielea wenyewe kwenda juu ni hatari zaidi, maana mzigo ukirudi nyuma mlimani nira itawakaba koo. Wachota maji walijue hili hasa: pipa la lita 200 ni kilo 200, na likijazwa nusu, maji hukimbilia nyuma kwenye mwinuko. Ama ulijaze, ama usilipakie.

Fikiri pia njia yako. Ng'ombe hufanya kazi ya siku nzima bila kuumia akivuta kwa nguvu iliyo kama sehemu ya kumi ya uzito wake. Maksai wetu wawili wa kilo 250 kila mmoja hupata basi nguvu ya kilo 50. Kwenye njia ngumu, tairi za upepo zenye upepo wa kutosha, nguvu hiyo huvuta mkokoteni na mzigo wake hadi karibu kilo 1,000. Kwenye luseni, mchanga wetu ule mlegevu, mzigo ule ule hutaka nguvu mara tatu au zaidi. Na mbuga nyeusi wakati wa masika haina hesabu. Huko mwenye tairi nyembamba hushinda akichimba. Magurudumu ya chuma tupu hayatobolewi na miiba, ni kweli, lakini katika mchanga huzama kama jembe.

VYOMBO VYAKE

Muuzaji atakuambia, "Nakupa na nira bure." Itazame nira hiyo. Nira iliyochongwa kwa kulimia tu huwa nyembamba, kwa sababu jembe huvuta kwa nyuma. Mkokoteni huongeza uzito kutoka juu, na nira yake yataka iwe pana na laini pale inapokaa mbele ya nundu. Nilipewa nira ya bure, nayo ilisaidia kulifanya lile donda.

Minyororo, pampu, na tairi la akiba la kipimo kile kile ni vitu vya thamani kweli. Waulize kwanza waziba pancha wa soko lako kama kipimo hicho wanacho. Breki mikokoteni yetu mingi haina, na kwenye mteremko mzigo wote huwasukuma ng'ombe kwa nyuma. Boriti moja inayobanwa juu ya tairi kwa kamba yatosha, na fundi huifunga kwa nusu siku. Karatasi nyekundu za kung'aa nyuma ni bei ya soda mbili tatu, nazo huonekana na dereva wa lori usiku. Turubai, viti na maandishi mazuri, vyote hivyo vyaweza kungoja mavuno mengine.

Hati ya mauzo iandikwe mbele ya mtendaji wa kijiji na mashahidi wawili, na itaje alama za ekseli, si rangi ya mbao, maana rangi hubadilishwa kwa usiku mmoja.

Wangu ulirekebishwa kwa gharama iliyokaribia robo ya bei niliyoununulia. Yule maksai alipumzishwa miezi miwili, akapona, na sasa anavuta tena upande wake wa kulia. Mahali pale pa donda manyoya yameota meupe.