Nilidhani naujua mlango wa nyanya, hadi niliposhika penseli

Nina miaka 52. Kabla ya mwaka jana, mara ya mwisho kuchora kitu nilikuwa darasa la nne: nyumba yenye madirisha mawili, mnazi mmoja, na jua lililotoa miali kama miiba ya changu. Kwa hivyo haya ni maneno ya mwanagenzi, na wewe msomaji uliyesomea sanaa una ruhusa ya kunicheka. Lakini najua wako wengi kama mimi, waliozaliwa na kulelewa katika Mji wa Kale wa Mombasa, ambao hupita mbele ya kazi za mafundi wakubwa kila asubuhi wakienda kununua mahamri na hawageuzi shingo.

Lililonisukuma ni mirathi. Nyumba ya nyanya yangu kule Kibokoni ina warithi 11, na wengi wetu tumehamia Nyali, Likoni, wengine Ughaibuni. Mwanzoni mwa mwaka jana akaja mnunuzi. Nyumba hakuitaka. Alitaka mlango wa mbele, ule wa nakshi, na bei aliyoitaja ilimfanya ami yangu aombe maji ya kunywa.

Usiku ule tulikaa kikao. Mimi nikasema mlango hauuzwi, kwamba mlango ule ndio nyumba yenyewe. Binamu yangu, ambaye ana karo za watoto watatu na wala simlaumu, akanigeukia: "Haya, wewe waupenda sana. Fumba macho utwambie, juu ya kizingiti pana nini?"

Nikasema maua.

"Maua gani? Mangapi?"

Sikuwa na jibu. Nimepita chini ya kizingiti kile maelfu ya mara, nimebebwa mgongoni nikipita pale, nimetoka pale nikienda kuolewa. Watu walicheka, na kikao kikaisha bila uamuzi. Kesho yake nikanunua daftari lisilo na mistari, penseli mbili na raba.

Mchoro wa kwanza ulikuwa aibu. Nilikaa kwenye baraza ya jirani ng'ambo ya uchochoro nikachora mstatili uliosimama wima, nikaugawa kati, nikatia maua. Ulikuwa mlango, naam, lakini ungeweza kuwa mlango wowote, hata wa kabati. Kijana mmoja anayefundisha watoto kuchora siku za Jumamosi aliutazama akaniambia, "Mama, umechora neno mlango. Hujauchora mlango huu."

Maneno yale yaliniudhi siku mbili nzima. Baadaye nikaelewa. Akili zetu zina picha fupi za kila kitu, kama alama: jicho ni umbo la lozi lenye duara ndani, mti ni nguzo yenye wingu, mlango ni mstatili. Alama hizi hutusaidia tusijigonge njiani, lakini penseli inaposhikwa, akili hutoa alama yake haraka na jicho halipati nafasi ya kusema. Mimi nilijua mlango una pembe nne zilizonyooka, basi nikachora pembe nne. Jicho langu halikuona hivyo. Uchochoro wetu ni mwembamba, huwezi kurudi nyuma ukautazama mlango mzima, inabidi uinue kichwa. Na ukiinua kichwa, miimo miwili ya fremu husogeleana kadiri inavyopanda. Ilibidi nichore kitu nilichojua si kweli ili mchoro uwe wa kweli.

Kijana yule alinipa mazoezi mawili ambayo nayapendekeza kwa yeyote. La kwanza ni la kupima. Unanyoosha mkono wote, kiwiko kisikunjike hata kidogo, unafumba jicho moja na kuweka penseli mbele ya kile unachokitazama. Ncha ya penseli unaiweka ukingo mmoja wa mlango, kidole gumba unakitelezesha hadi ukingo wa pili. Huo ndio upana. Sasa geuza penseli isimame, uhesabu upana huo unaingia mara ngapi katika urefu. Mimi nilikuwa nimechora mlango wa mara tatu. Nilipopima, ukawa mara mbili na kidogo. Mlango wa nyanya ni mpana, mnene, kama mwenyewe alivyokuwa, na miaka yote hiyo kichwani mwangu ulikuwa mrefu na mwembamba. Nadhani ni kwa sababu niliuzoea nikiwa mfupi.

Zoezi la pili ni kuchora tundu, yaani kuacha jani na kuchora nafasi iliyo kati ya jani na jani. Ile nafasi haina jina, kwa hivyo akili haina alama ya kuitolea, na jicho linalazimika kufanya kazi. Ukimaliza matundu, majani yamejitokeza yenyewe. Mara ya kwanza nilihisi kama nimefanyiwa kiinimacho.

Kuhusu penseli niseme machache. Herufi ile iliyoandikwa ubavuni ina maana. H ni ngumu na hutoa mstari mwembamba wa kijivu. B ni laini na nyeusi. HB ya shuleni iko katikati. Ndani yake ni grafaiti iliyochanganywa na udongo, na udongo ukizidi penseli huwa ngumu. Ukiwa na HB moja na 4B moja yakutosha mwaka mzima, usiingizwe mjini na wenye maduka.

Yaliyonishughulisha zaidi ni mwanga. Wiki za mwanzo nilichora nakshi kama mistari, kwa vile nilidhani nakshi ni mistari. Si hivyo. Fundi hakuchora juu ya ubao, alitoa mbao akaacha zilizobaki, na unachokiona ni vivuli vilivyokaa ndani ya mashimo aliyoyachimba. Kwetu jua la saa tatu asubuhi huingia uchochoroni kwa ubavu. Wakati huo kila ukingo hutupa kivuli na mlango unaamka. Ua linainuka, mnyororo wa kwenye fremu unakuwa na uzito. Kufikia saa nne na nusu kivuli cha nyumba ya jirani kimeufunika mlango wote na nakshi zimelala, huoni chochote ila ubao wa hudhurungi. Nina saa moja na nusu tu ya kazi kwa siku, na siku za mawingu sina kitu. Nafikiri kama fundi yule alifanya kazi yake hapohapo uchochoroni, alilijua jua hili. Kama alifanyia karakanani, basi alikuwa na kichwa.

Kwa kuwa watu huuliza: ule mti wa katikati unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana huitwa mfaa. Miimo ni ya kando, kizingiti ni cha juu na cha chini. Mbao zilizopendwa ni ngumu, kama mvule, msaji na mbambakofi, ambazo mchwa huzikimbia. Kuhusu maana za nakshi, nitakuwa mkweli: nimewasikiliza waongozaji watalii wakipita nyuma yangu nikichora, na kuhusu mnyororo uleule mmoja nimesikia maelezo matatu, utumwa, usalama na umoja wa ndoa. Siku hizi nawasikiliza kwa heshima na kuendelea kuhesabu pete za mnyororo. Pete ni 34 upande wa kulia na 33 wa kushoto. Fundi aliishiwa na nafasi akaitanua moja. Yeye pia alikosea hesabu.

Jumapili moja nilipokata tamaa nilikwenda Fort Jesus, ambayo kama wakazi wengi wa Mombasa nilikuwa sijaingia tangu safari ya shule. Ngome ile ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na wakaishikilia hadi Desemba 1698, ilipochukuliwa na Waomani baada ya mazingira ya karibu miaka 3. Mizinga sikuitazama sana. Nilisimama mbele ya michoro ya ukutani ambayo Wareno waliiacha kwenye plasta, ya rangi nyeusi na nyekundu: vyombo vya baharini, watu, samaki. Vyombo vimepishana, kimoja juu ya kingine. Watu wana miguu ya mtoto wa chekechea.

Nilicheka peke yangu pale ukumbini. Aliyechora hakuwa msanii. Alikuwa askari au baharia aliyechoka, mbali na kwao, na alijua jahazi kuliko alivyojua miguu ya binadamu, maana kamba na milingoti ya vile vyombo ameiweka kwa uangalifu mkubwa. Wala si wao peke yao. Katika magofu ya Gede na hata kule Kilwa kuna michoro ya vyombo iliyokwaruzwa kwenye plasta ya kuta na watu wa pwani yetu wenyewe. Mtu ameketi nyumbani, ana msumari au ncha ya kisu, na anakikumbuka chombo. Mbele ya zile kazi sikuona haya tena kwa daftari langu.

Nilikumbana na lawama pia. Ami yangu aliniuliza kama kuchora kunafaa kwetu. Nikamjibu kuwa nachora mbao na maua, sichori viumbe wenye roho, na kwamba Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mshairi, mwandishi wa khati na mchonga nakshi kwa pamoja na watu walimheshimu. Ami akasema Kijuma alikuwa mwanamume. Hapo sikuwa na la kumjibu ila kucheka, naye akacheka. Sasa hunitolea kiti cha plastiki.

Katika pitapita zangu nikajifunza jambo ambalo kila familia yenye mlango wa zamani inapaswa kulijua. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inautaja mlango waziwazi. Mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946 ni kifaa kinacholindwa, na kukitoa nje ya Kenya bila kibali ni kosa. Mnunuzi anayekuja na fedha mkononi na lori la usiku hatakwambia hayo. Nililisoma kifungu kile mbele ya kikao cha pili. Hakuna aliyepiga makofi, na karo za binamu yangu hazikupungua, lakini mnunuzi alipopigiwa simu na kuulizwa kuhusu kibali, alisema atarudi. Bado hajarudi.

Mwezi wa Ramadhani uliopita nilimpelekea shangazi yangu mchoro wa ubao wa kushoto. Ulikuwa umenichukua wiki 9. Shangazi ana miaka 81 na macho yake ni mabovu, kwa hivyo huweka karatasi karibu na pua na kuisoma kipande kwa kipande. Alipita maua ya juu bila neno. Alipofika chini, karibu na kona, akasimama.

"Hiki umekitoa wapi?"

Ilikuwa kovu. Chini kabisa ya ubao, kwenye kimo cha mtoto aliyechuchumaa, kuna mkwaruzo mmoja uliosimama, na pembeni yake kingine kifupi kilichojipinda kidogo. Nilidhani ni ufa. Nusura niuache, kwa sababu uliharibu mpangilio wa majani, lakini kijana wetu hutukataza kusahihisha kitu tunachokiona. Nikauchora kama ulivyo.

"Babako huyo," shangazi akasema. "Ametoka chuoni siku ya kwanza, kajifunza alifu na be. Akachukua kisu cha jikoni. Alifu akaimaliza. Be alipoianza, mama akafungua mlango."

Baba alifariki nikiwa na miaka 9. Sina maandishi yake hata moja. Barua zake ziliharibika kwa maji ya mvua. Shangazi alieleza kipigo kilivyokuwa, na jinsi fundi alivyoitwa kuja kulainisha ubao, na jinsi nyanya alivyobadili nia fundi akiwa tayari ameketi na patasi, akamlipa na kumrudisha kwao. Alieleza mengine pia, ambayo nitayaweka. Tulichelewa kufuturu.

Mambo ya mirathi bado yako kwa kadhi, na sijui yatakwisha vipi. Binamu yangu sasa anasema mlango ukiuzwa lazima ubao wa kushoto ubaki, jambo ambalo halina maana yoyote kwa fundi wala kwa mnunuzi. Shangazi ameagiza mchoro mwingine, mkubwa, wa kutundika sebuleni, na amenitaka nisiitie alifu chumvi, niiache ilivyo, imelala kidogo kulia.

Mimi nina ubao wa kulia wote sijaugusa. Maua ya kizingitini nimeyahesabu: ni 7, na lile la katikati lina petali 12 wakati mengine yana 10. Jumamosi hii kukiwa hakuna mawingu nitakuwa Kibokoni kabla ya saa tatu.