Jembe Mkononi, Zamu ya Maji

Anayemwagilia mahindi chini ya ndiva, yaani bwawa dogo la kumwagilia, kule Bangalala au Hedaru wilayani Same, hakosi jembe mkononi. Ndilo la kufungulia mfereji na kuuziba. Ndiva hujazwa usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila mkulima ana zamu yake. Jirani akichepusha maji zamu yako haijaisha, jembe hilohilo laweza kukupeleka kizimbani.

Sheria ya Tanzania inaturuhusu kujitetea. Zamani Kanuni ya Adhabu iliwaelekeza mahakimu wetu kwenye misingi ya sheria ya Uingereza. Mwaka 1980 Bunge likaiandika haki hiyo yenyewe, katika kifungu cha 18 na vinavyokifuata. Unaweza kujilinda, kumlinda mwenzako, hata kulinda mali yako au uliyokabidhiwa isinyang'anywe wala kuharibiwa. Ila kwa nguvu ya kiasi, inayotosha ulinzi huo basi.

Hicho "kiasi" ndicho kinachowaponza watu wema. Hata tukikubali kwamba zamu ya maji ni mali, jirani aliyekuja mikono mitupu hastahili jembe la kichwa. Ziba mfereji, simama asiufungue tena, piga yowe, mwite msimamizi wa ndiva. Akikujia na panga, mambo yamegeuka: sasa unatetea uhai. Hapo sheria inaweza kumwachia huru hata aliyeua, mradi aliamini kwa dhati, tena kwa sababu za msingi, kwamba asingefanya vile angeuawa au kujeruhiwa vibaya.

Tatizo ni dakika inayofuata. Panga limeanguka, mtu anakimbilia bondeni, nawe bado unatetemeka kwa hasira. Ukimfuata, hujitetei tena. Kifo kinachotokana na nguvu iliyozidi katika kujitetea ni kosa la kuua bila kukusudia, ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Na pale ambapo hatari ilishapita, unaweza kushtakiwa kwa mauaji ya kukusudia.

Vivyo hivyo kwa mwizi wa tangawizi aliyenaswa shambani huko Mamba Myamba. Naijua hasira ya kuibiwa jasho la mwaka mzima, lakini akishafungwa kamba ulinzi umekwisha. Raia anaruhusiwa kumkamata. Kisha ampeleke polisi bila kuchelewa. Yakianza mawe na akafa, mahakama haitatafuta aliyerusha la kwanza peke yake. Walioungana kwa nia moja hujibu pamoja.