Nani Aliingia Kabla ya Mgao?

Tarehe 7 Machi 2018, wakuu wa kampuni za madini, akiwemo Ivan Glasenberg wa Glencore na Mark Bristow wa Randgold, waliketi na Rais Joseph Kabila wa Kongo mjini Kinshasa kwa takriban saa sita. Bunge lilikwisha kupitisha Sheria mpya ya Madini. Ilibaki sahihi ya rais tu. Wao walitaka ahadi ya mwaka 2002, kwamba masharti ya wawekezaji hayatabadilika kwa miaka 10, isiguswe. Siku mbili baadaye Kabila alitia sahihi. Mrabaha wa shaba ukapanda kutoka asilimia 2 hadi 3.5, na kabla mwaka haujaisha kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati, ikatozwa asilimia 10.

Wengi husema kampuni zilishindwa. Mimi naona zilipoteza raundi moja. Zilijitoa FEC, shirikisho la waajiri, zikaunda umoja wao na kuendelea kudai. Sheria ikishapita hubaki kanuni za utekelezaji, ukaguzi wa hesabu na mikataba ya kujadiliwa upya, na huko mwenye mawakili wa kudumu hachoki. Tena si ushawishi halali peke yake uliotumika: mwaka 2022 Glencore ilikiri mbele ya mahakama ya Marekani kuwa ilihonga maofisa katika nchi kadhaa, Kongo ikiwemo.

Hapa Kolwezi, mgodi wa kampuni ya COMMUS umepanuka hadi kuzifikia nyumba za mtaa wa Cité Gécamines. Wakazi waliunda kamati, wakaandika barua kudai fidia itakayowapatia nyumba yenye hadhi ile ile, yenye maji na umeme. Septemba 2023, IBGDH, shirika la hapa mjini, pamoja na Amnesty International walichapisha ripoti juu yao. Kamati hiyo nayo ni kundi la shinikizo, ila madai yake kila mtu anaweza kuyasoma.

Uwazi wa namna hiyo unaweza kudaiwa na kwa kampuni pia. Uingereza ina rejista ya washawishi tangu sheria ya 2014. Ina tundu kubwa, kwani mshawishi aliyeajiriwa na kampuni yenyewe halazimiki kujiandikisha; hata hivyo mikutano ya mawaziri na watu wa nje hutangazwa. Sisi tuanzie kwenye kobalti. Tangu Oktoba 2025 ARECOMS, mamlaka ya serikali inayosimamia masoko ya madini ya kimkakati, ndiyo inayopanga kila kampuni isafirishe kiasi gani, na kwa mwaka 2026 kiwango cha nchi nzima ni tani 96,600. Wakazi wa Dilala na Manika, komuni za Kolwezi, wana haki ya kujua nani aliingia ofisi zake kabla ya mgao huo, na aliomba nini.