Mpambe Aliyemzidi Bosi Wake

Katika vitabu vya katuni vya mapigano, mwenye kazi ngumu kuliko wote hana hata jina. Ndiye anayelinda mlango wa ghala usiku, ndiye anayebeba masanduku ya baruti, na ndiye anayetangulizwa ili ngumi ya kwanza ya steringi impate yeye. Ukifunua ukurasa unaofuata yuko chini, kazimia, na hadithi imeshamruka. Adui mkuu amepewa utoto wa majonzi na hotuba ndefu. Huyu wa mlangoni hajapewa chochote. Nami naamini yeye ndiye wa kuulizwa tukitaka kumjua huyo adui mkuu, kwa sababu steringi hukutana naye siku ya vita, kajipanga, kavaa akavalia. Mpambe humwona siku za kawaida, mipango imekwama na hasira inatafuta pa kutua.

Sijasoma kitabu kinachoonyesha hilo kama Mad Love, kilichotolewa na kampuni ya DC mwaka 1994. Hadithi waliitunga Paul Dini na Bruce Timm, na Timm ndiye aliyeichora. Mhusika wake mkuu ni Harley Quinn, msaidizi wa Joker, adui mkuu wa Batman, na tangu mwanzo aliumbwa kwa kazi ya kibarua tu. Mwaka 1992 Dini alikuwa akiandika sehemu moja ya katuni za Batman za televisheni, akahitaji mwanamke wa kuchomoka ndani ya keki kubwa kwenye hafla ya kumpongeza Gordon, kamishna wa polisi. Akamkumbuka rafiki yake wa tangu chuoni, mwigizaji Arleen Sorkin, ambaye aliwahi kuvaa mavazi ya chale katika tamthilia ya Days of Our Lives. Sorkin akampa mhusika huyo sauti. Mwishowe aliyetoka kwenye keki ni Joker mwenyewe, lakini yule msaidizi alikuwa ameshaingia kwenye hadithi na hakutoka tena.

Mad Love inatueleza alikotoka. Alikuwa Dk. Harleen Quinzel, msichana hodari wa jimnastiki aliyekwenda kufanya kazi Arkham, hospitali ya Gotham, mji wa Batman, wanakofungiwa wahalifu wenye maradhi ya akili. Joker akamwekea ua waridi ofisini. Akamsimulia utoto wake, baba mlevi na vipigo. Daktari akalia, akapenda, akamtorosha mgonjwa wake na kuvaa nguo za rangi nyekundu na nyeusi.

Sasa tazama kazi yenyewe ilivyo. Joker ana mpango wa zamani wa kumtupa Batman kwa samaki wa piranha, lakini aliuacha kwa sababu samaki wale hawawezi kutabasamu, na kwake kifo kisicho na kichekesho hakina maana. Harley analitafakari tatizo hilo peke yake na kulipatia jawabu: mning'inize Batman kichwa chini, miguu juu, naye atawaona samaki waliokunja midomo kama wanaotabasamu. Anamkamata Batman, anamfunga, anamning'iniza juu ya tangi. Kazi iliyomshinda bosi miaka yote imebakiza dakika chache.

Batman anaangua kicheko, jambo ambalo Harley hajawahi kuliona. Kisha anamwambia ukweli: ile hadithi ya baba mlevi ni moja tu kati ya nyingi, na kila msikilizaji alipewa ya kwake. Ili kuthibitisha kwamba anapendwa, Harley anampigia Joker simu aje ajionee mwenyewe. Joker anakuja kwa ghadhabu. Hashukuru, hasifu. Anachokiona ni kwamba mpambe amethubutu kumaliza alichoshindwa yeye, tena kwa kichekesho kinachohitaji kuelezwa. Anamsukuma kutoka dirishani, ghorofani. Baadaye Batman anamchoma Joker pale pale panapouma, akimwambia kwamba yule mwanamke alikaribia kumuua kuliko yeye Joker alivyowahi kukaribia.

Kitabu hiki kilipata Eisner, tuzo ya vitabu vya katuni, na kilistahili, hasa kwa kurasa zake za mwisho. Harley amelazwa, kafungwa bandeji, anaapa kwamba yamekwisha. Halafu anaona ua moja na kikaratasi cha kumtakia nafuu, na uso wake unang'aa upya. Wasomaji wengine huona huo ni udhaifu wa hadithi. Mimi naona ni ujasiri wa waandishi. Kumfanya aondoke siku ile ile kungekuwa kumdanganya yeyote aliyewahi kumtumikia mtu wa namna hiyo na akashindwa kuondoka.

Kuondoka kulikuja, ila kulichukua miaka mingi. Katika mfululizo ulioanza mwaka 2013, Amanda Conner na Jimmy Palmiotti walimhamishia Coney Island, New York, akawa na nyumba, wapangaji na madeni yake mwenyewe. Filamu ya Birds of Prey ya mwaka 2020 inaanzia pale alipoachana na Joker. Ile ya Suicide Squad ya mwaka 2016 iliyapamba mapenzi yao kupita kiasi, na kwa hilo siisamehe.

Lakini ile sehemu ya mwaka 1992 ilikuwa na mpambe mwingine, ambaye watu wamemsahau. Charlie Collins ni mwananchi wa kawaida aliyemtukana dereva mwenzake barabarani, kumbe ni Joker. Akaachiwa aishi kwa sharti kwamba siku moja ataitwa kufanya kazi. Baada ya miaka miwili akaitwa, na kazi yenyewe ni kufungua mlango keki iingie. Mwishoni Charlie anamfuata Joker uchochoroni akiwa na bomu mkononi, anamtishia kwamba watakufa wote wawili, na magazeti yataandika kuwa Joker mkubwa ameuawa na mtu asiye na maana yoyote. Joker, ambaye Batman hajawahi kumtisha hivyo, anapiga kelele akimwita Batman aje amwokoe.