Kipupwe ndicho hiki: mkimbiaji wa Kariakoo, fupisha hatua

Juni hadi Agosti, mtu wa Dar anaweza kukimbia bila kulowa jasho mtaa wa kwanza tu. Alfajiri joto hushuka hadi nyuzi 19 hivi. Wengi hutumia nafuu hiyo kuongeza kilomita, lakini kwa anayelalamika goti, huu ndio wakati wa kurekebisha namna anavyokimbia.

Kosa la kawaida ni kurusha mguu mbali mbele. Kisigino kinatua mbele ya mwili, kinakuwa breki, na kishindo kinapanda gotini. Lami ya Msimbazi haina huruma.

Hesabu hatua zako kwa dakika moja. Ukipata 160, jaribu 168 kwa kasi ileile. Nyongeza ya asilimia 5 hadi 10 inapunguza mzigo wa goti, maana mguu unatua karibu na mwili. Mwanzoni utajiona kama kuku anayefukuzwa. Ni kawaida. Fanya dakika moja moja, katikati rudi mwendo wako wa zamani. Ukiharakisha, maumivu yatahamia kwenye vigimbi.

Kwenye kundi la jogging la Jumapili, wimbo ndio unaopanga hatua, kwa hiyo zoezi hili fanya peke yako katikati ya wiki. Mnazi Mmoja panafaa, kabla mikokoteni na bodaboda hazijajaa barabarani. Ila Julai jua huchomoza kama saa 12 na nusu: vaa nguo nyeupe, na njia ya mwendokasi iache hata ukiiona tupu.