King'ora cha monoksidi ya kaboni botini

King'ora cha monoksidi ya kaboni botini ni kifaa kidogo cha umeme kinachopima hewa ndani ya boti na kupiga kelele pale gesi ya monoksidi ya kaboni (huitwa pia kabonimonoksaidi; alama yake ya kikemia ni CO) inapozidi kiasi cha usalama. Kwenye boti yenye jenereta, moshi wa jenereta hiyo ni kati ya sababu kuu za king'ora kulia. Hata hivyo moshi huweza kuingia ndani kwa njia mbalimbali, na mara nyingine kinachokiamsha king'ora si moshi kabisa. Kwa hiyo kutafuta chanzo ni kazi ya kupima hatua kwa hatua, si ya kukisia.

Gesi na athari zake

Monoksidi ya kaboni hutokea pale kitu chenye kaboni, kama vile petroli, dizeli, kuni au mkaa, kinapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Ni gesi ileile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Haina rangi, harufu wala ladha.

Uzito wa molekuli yake ni 28, na ule wa hewa ya kawaida ni takriban 29. Kwa sababu hiyo haitulii chini kwenye ngama kama mvuke wa petroli, bali huchanganyika na hewa na kufika kila mahali hewa inapofika.

Ikivutwa, hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 hadi 250. Damu hushindwa kubeba oksijeni ya kutosha, na viungo vinavyoumia mapema ni ubongo na moyo. Dalili za kwanza ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Botini dalili hizi hudhaniwa kwa urahisi kuwa ni za kulevywa na mawimbi, za jua kali au za pombe. Aliye usingizini huweza kupoteza fahamu bila kuamka. Aliye majini huzama, na wengine huweza kuamini kwamba alishindwa kuogelea tu.

Kwa nini jenereta ni hatari ya pekee

Jenereta ya boti hutoa umeme wa kiyoyozi, jokofu, jiko na chaja ya betri. Tofauti na injini kuu, hufanya kazi zaidi wakati boti imetia nanga au imefungwa gatini, ambapo hakuna mwendo wa kuusukuma moshi mbali. Mara nyingi huwashwa usiku, watu wakiwa wamelala na madirisha yamefungwa ili ubaridi wa kiyoyozi usipotee.

Jenereta ya petroli ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Moshi wake, usipopitishwa kwenye katalisti ya kuusafisha, huweza kuwa na asilimia kadhaa ya monoksidi ya kaboni. Kiasi huongezeka injini ikiwa bado baridi au ikipata mafuta mengi kuliko hewa. Jenereta ya dizeli hutoa gesi hiyo kidogo zaidi, lakini moshi wake ukivujia katika chumba kilichofungwa nao hudhuru.

Jenereta nyingi zilizojengwa ndani ya boti hupozwa kwa maji ya bahari au ya ziwa. Maji hayo huingizwa katika bomba la moshi kwenye kiwiko cha kuchanganyia. Kutoka hapo maji na moshi hupita pamoja kwenye mpira mnene, kisha kwenye sailensa, na hatimaye hutoka nje kupitia tundu la ubavuni au la tezini, yaani nyuma ya boti. Maji hupoza moshi na kupunguza kelele, lakini hayaondoi monoksidi ya kaboni, kwa kuwa gesi hiyo huyeyuka kidogo sana katika maji. Matokeo yake ni moshi usioonekana sana wala kunuka sana, huku sumu yake ikiwa palepale.

Mfano wa Ziwa Powell

Hatari hii ilijulikana sana kutokana na vifo vilivyotokea Ziwa Powell, ziwa la bwawa lililopo mpakani mwa majimbo ya Utah na Arizona nchini Marekani. Watalii wengi hukaa huko katika boti kubwa zilizojengwa kama nyumba. Mwezi Agosti 2000 ndugu wawili, mmoja wa miaka 8 na mwingine wa miaka 11, walikufa kwa sumu ya monoksidi ya kaboni walipokuwa wakiogelea karibu na tezi ya boti ya aina hiyo.

Wachunguzi wa NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayohusika na usalama na afya kazini, walipima hewa kwenye boti za ziwa hilo. Baadhi ya boti zilikuwa na uwazi chini ya sitaha ya nyuma, na moshi wa jenereta ulielekezwa humo. Katika uwazi huo vipimo vilifikia sehemu 30,000 kwa milioni, yaani asilimia 3 ya hewa. Kiwango ambacho NIOSH hukihesabu kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai ni sehemu 1,200 kwa milioni.

Kumbukumbu za miaka 1990 hadi 2000 zilionyesha matukio 111 ya sumu hiyo katika ziwa hilo. Kati yake 74 yalitokea kwenye boti za nyumba, na 64 kati ya hayo yalisababishwa na moshi wa jenereta peke yake. Mwaka 2001 Walinzi wa Pwani wa Marekani waliagiza boti zilizoundwa kwa namna hiyo zirudishwe kufanyiwa marekebisho. Suluhisho mojawapo lilikuwa bomba la wima linalotoa moshi juu, mbali na vichwa vya watu. Baadaye zilitengenezwa pia jenereta za petroli zenye katalisti, ambazo hutoa monoksidi ya kaboni kidogo mno zikiwa katika hali nzuri.

Mfano huu unaonyesha pia mpaka wa kazi ya king'ora: kilicho chumbani humlinda aliye chumbani, lakini hakiwezi kumlinda mtoto anayeogelea chini ya sitaha ya nyuma.

Jinsi king'ora kinavyofanya kazi

Ving'ora vingi vya sasa vina kihisi cha kikemia. Gesi ikiingia humo husababisha mkondo mdogo wa umeme, na kadiri gesi inavyozidi ndivyo mkondo unavyoongezeka. King'ora hakiangalii kiasi cha gesi tu, bali huangalia pia muda. Kiwango cha UL 2034 kinachotumika Marekani kinataka king'ora kilie kama ifuatavyo:

- sehemu 70 kwa milioni: kati ya dakika 60 na 240
- sehemu 150 kwa milioni: kati ya dakika 10 na 50
- sehemu 400 kwa milioni: kati ya dakika 4 na 15

Sehemu 30 kwa milioni hazitakiwi kukiamsha hata zikidumu siku 30.

Mambo mawili yanafuata kutokana na utaratibu huu. Kwanza, king'ora kinapolia, waliomo ndani tayari wamevuta gesi kwa muda. Pili, saa ya kulia si saa ya gesi kuanza kuingia. Kikilia saa nane usiku, huenda chanzo ni jambo lililoanza saa tano, kwa mfano kuwashwa kwa jenereta au upepo kugeuka.

Kihisi huchakaa. Ving'ora vingi hudumu miaka 5 hadi 10, na tarehe ya mwisho kwa kawaida huandikwa kwenye kifaa chenyewe. Kitufe cha kujaribia huthibitisha kwamba sauti na umeme vipo, lakini kwenye ving'ora vingi hakithibitishi kwamba kihisi bado kinatambua gesi.

Kutafuta chanzo

King'ora kinapolia, watu wote hutolewa kwenye hewa safi na kuhesabiwa, na jenereta na injini huzimwa. Uchunguzi hufanywa baadaye, ndani ya boti kukiwa kumepitishwa hewa. Mchunguzi hutumia kipimo cha mkononi kinachoonyesha tarakimu, na hubaki na mtu wa pili aliye nje. Kanuni kuu ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja na kuandika kila kipimo.

Hatua ya kwanza ni kupima jenereta ikiwa imezimwa. Kama gesi bado inaingia, chanzo huweza kuwa jiko la gesi, au jenereta ya boti iliyofungwa jirani.

Hatua ya pili ni kuwasha jenereta, kuipa mzigo wa kawaida kama kiyoyozi, na kupima ndani ya chumba chake. Gesi ikionekana humo, kuna uvujaji. Sehemu za kukagua ni gasketi ya bomba la moshi, kiwiko cha kuchanganyia, mpira, vibano vyake na sailensa. Kiwiko huhitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa maji ya chumvi hukila kutoka ndani hadi kupata vitundu vidogo huku nje kikionekana kizima. Masizi meusi, kutu, michirizi ya chumvi na matone ya maji ni dalili za uvujaji: panapotoka maji ya moshi, na moshi hutoka.

Kisha hufuatwa njia ya gesi kutoka chumba cha jenereta hadi vyumba vya kulala. Matundu ya nyaya na mabomba kwenye kuta za ndani ni njia ya kawaida. Njia nyingine ni kiyoyozi: feni yake ikivuta hewa kutoka ngamani au karibu na injini, husambaza sumu katika vyumba vyote.

Hatua ya tatu hufuata kama chumba cha jenereta ni safi. Hapo hupimwa nje, kwenye madirisha na milango, kwa sababu moshi uliokwisha kutoka huweza kurudi. Upepo huurudisha, na ukuta wa gati au boti ya jirani huuzuia usitawanyike. Boti ikiwa mwendoni, hewa huzunguka nyuma ya kabini ndefu na kuuvuta moshi kutoka tezini hadi ndani. Mifereji ya sinki na bafu inayotokea karibu na tundu la moshi nayo huweza kuupitisha.

Hidrojeni ya betri

Betri za risasi na asidi zinapochajiwa, hasa zikichajiwa kupita kiasi, hutoa hidrojeni. Vihisi vingi vya kikemia huitambua hidrojeni kana kwamba ni monoksidi ya kaboni. Hapa ndipo uchunguzi wengi unapopotea, kwa sababu jenereta inapowashwa chaja ya betri nayo huanza kazi. King'ora kikilia, jenereta hulaumiwa, kumbe gesi inatoka kwenye betri zilizo chini ya kitanda.

Majaribio mawili hutenganisha vyanzo hivi. Kwanza chaja huwashwa kwa umeme wa nchi kavu, jenereta ikiwa imezimwa. Kisha jenereta huwashwa, chaja ikiwa imezimwa. Hata hivyo kipimo cha mkononi chenye kihisi cha aina ileile nacho huweza kudanganyika. Vipo vipimo maalumu vinavyoweza kupunguza athari ya hidrojeni.

Ugunduzi kwamba ni hidrojeni si ruhusa ya kupuuza king'ora. Hidrojeni hulipuka ikifika asilimia 4 ya hewa, na betri inayoitoa kwa wingi huenda imeharibika au chaja yake ni mbovu. Mpaka vipimo vithibitishe vinginevyo, kila mlio huchukuliwa kuwa ni wa monoksidi ya kaboni.

Huduma ya kwanza

Mgonjwa hupelekwa kwenye hewa safi, hupewa oksijeni kama ipo, na hufikishwa hospitali hata akisema amepata nafuu. Akivuta hewa ya kawaida, nusu ya gesi hutoka katika damu kwa muda wa saa 4 hadi 6. Akipewa oksijeni tupu, muda hupungua hadi saa 1 au 1 na nusu hivi. Kipimo cha kidoleni cha oksijeni hakifai kutegemewa, kwa sababu vipimo vya kawaida huhesabu hemoglobini iliyoshika sumu kana kwamba imeshika oksijeni, na huonyesha tarakimu nzuri kwa mtu aliye hatarini. Anayeingia kuokoa asiingie kwenye chumba chenye gesi kabla ya kukifungulia hewa, asije akawa mgonjwa wa pili.

Kinga

King'ora kilichotengenezwa kwa ajili ya boti hufungwa katika kila chumba cha kulala. Mfumo wa moshi hukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Jenereta huzimwa kabla ya mtu yeyote kuingia majini au kukaa kwenye sitaha ya nyuma. Jenereta ya kubebwa mkononi haiwashwi ndani ya kabini wala kwenye sitaha ya boti yenye watu. Na king'ora kinachosumbua hakitolewi betri ili watu walale: boti ambayo king'ora chake kimenyamazishwa kabla chanzo hakijajulikana hailaliwi.